Kusaga Bila Unga

Vaidotas ndiye aliyeniambia:
"Unasaga usiku kucha,
na asubuhi sioni unga."
Akacheka. Nikataka kucheka naye,
taya likagoma katikati,
kama ile droo yetu ya jikoni
isiyofunguka mpaka uinyanyue kidogo.

Kaunas, Januari. Mto umeganda kandokando.
Kila nikipiga mwayo, kitu kinalia *ka!*
mbele ya sikio,
kijiti kikavu chini ya kiatu.

Kazi yangu ni kupokea simu za dharura.
Mtu ameanguka bafuni.
Mtoto amemeza sarafu.
Mzee wa ghorofa ya tano haamki, na mkewe
ananiuliza mimi, mimi nisiyemwona, kama analala.
Nasema polepole: niko hapa, bonyeza kifua, tuhesabu pamoja.
Sauti yangu haitetemeki. Wananisifu kwa hilo.
Hakuna aliyewahi kuuliza
ule mtetemo huwa unakwenda wapi.

Daktari wa masikio alichungulia: sikio safi.
Daktari wa meno, mtu wa haraka,
aling'oa gego la juu, upande wa kushoto.
Nikarudi nyumbani na pengo, na maumivu yaleyale.
Maskini jino lile,
limenyongwa kwa kosa la jirani.

Ndipo nikafika kwa Ramunė,
chumba kimoja juu ya duka la nyuzi,
mikono yake ina harufu ya sabuni ya kufulia.
Aliweka vidole viwili mbele ya masikio yangu.
"Fungua. Taratibu. Usinionyeshe ushujaa."
Akachora nyuma ya risiti: mfupa, kishimo chake,
na katikati kijisahani cha gegedu
ambacho kwangu huteleza mbele,
mfupa unakifukuza, unakipanda, *ka!*
"Mlio peke yake si ugonjwa," akasema.
"Hata mlango wa kanisa hulia.
Bawaba hii haijakosa mafuta. Imekosa likizo."

Kisha: "Meno yako hugusana saa ngapi?"
"Saa zote," nikajibu,
kama mtu aliyeulizwa anapumua lini.
Akaweka kalamu chini.
"Yakutane kwenye chakula, yakutane ukimeza mate,
halafu kila moja liende kwake."

Miaka arobaini na tatu, na sikujua
kwamba midomo inaweza kufungwa
huku meno yameachana ndani.

Basi nikabandika nukta nyekundu:
kwenye kompyuta, kwenye birika, kwenye usukani.
Nikiiona, nalegeza. Ulimi juu,
pale unapogusa ukitamka *na*.
Taulo la moto shavuni wakati wa taarifa ya habari.
Ubani wa kutafuna, jalalani.
Mkate wa shayiri nyeusi, ambao baba yangu
aliula mkavu na kuuita mwanamume,
mimi nauloweka kwenye supu ya kiazisukari chekundu
na sioni haya.
Usiku navaa kifaa kigumu cha plastiki
kilichokatwa kwa umbo la meno yangu.
"Farasi na lijamu yake," anasema Vaidotas,
lakini sasa analala.

Machi, simu moja haikuisha vizuri.
Sitaeleza.
Nilivua vipokea sauti, nikahisi taya linapanda
kama lifti tupu, na nukta ile nyekundu
ikanitazama.
Nikalegeza.
Kilichoshuka hakikuwa taya peke yake.
Nililia mbele ya mashine ya kahawa,
meno yakiwa mbalimbali, kama nilivyoelekezwa.

Mlio bado upo. Asubuhi napiga mwayo, *ka!*
na Vaidotas anajibu toka jikoni:
"Ingia, hapajafungwa."

Vidole vitatu vinapita sasa, kimoja juu ya kingine.
Matufaha ya mama mkwe bado nayakata
vipande vyembamba vya kupitisha mwanga.
Moja limebaki kapuni, la mwisho, gumu, jekundu.
Leo nimelitoa, nikalifuta kwenye sweta,
nikalileta mpaka mdomoni.
Nikalinusa tu,
nikalirudisha.